Jua la Kamere Si la Elburgon

Elburgon,
8 Januari 2024

Kwako Joan, mtoto wa dada yangu,

Ni matumaini yangu barua hii itakukuta umeinuka kitandani na unakula vizuri. Sisi huku tuko. Watu wanasema Januari ni kiangazi lakini maji ya ndoo asubuhi bado yanang'ata vidole. Mama yako nilimwona Jumatano pale Sachangwan anapouzia viazi, ana furaha ya kuitwa nyanya mpaka mteja akiuliza bei anaambiwa habari za mjukuu wake Gathoni kwanza. Ng'ombe amezaa ndama dume. Mwanangu Kinyanjui amepata kazi ya kupeleka mbao kwa lori huko kwenu Naivasha kila wiki, kwa hivyo sasa tuna posta yetu. Usinipigie simu. Unajua masikio yangu, nikishika simu nasikia nyuki tu, na meseji herufi zake ni ndogo kama mchwa. Nikimpa Kinyanjui anisomee anasoma kwa sauti ya mhubiri mpaka jirani anajibu amina. Andika karatasi, mtu asome mambo yake polepole.

Sasa tuongee ya maana. Nimekutumia njahi, yale maharagwe yetu meusi, uchemshe na ndizi, maziwa yashuke. Nimeweka pia mkebe wa mafuta ya kukamulia ng'ombe. Sikiliza vizuri. Kila siku ukimwosha mtoto, mpake hayo mafuta mwili mzima, usiogope kumaliza, halafu mlaze nje uchi, mahali upepo haufiki. Ukuta wa mabati ni mzuri kwa sababu unarudisha joto. Anza saa nne, akae mpaka uone ametulia na mwili umepata moto. Mtoto asiyeota jua mifupa inalegea na kifua kinaingia baridi. Wangu wote walilelewa hivyo, na watoto wa nusu ya kanisa letu, nenda uwaangalie kama kuna mmoja ana miguu ya upinde.

Likizo yako ikiisha katikati ya Machi nitakuja kukaa na mtoto, kama tulivyokubaliana. Nimeshamwambia Kinyanjui aninyooshee kiti cha mbele cha lori.

Asiyesikia la mkuu, wewe unajua kinachovunjika.

Ni mimi Tata yako,
Mugure


Kamere,
2 Februari 2024

Tata yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Mume wangu Kiarie anakusalimu, bado yuko kwa ile kazi ya kufunga mabomba ya maji kwenye shamba la maua, anarudi jioni na matope mpaka kwa nyusi. Njahi zimefika na nimezimaliza, asante sana. Maziwa yako tele. Anyango, jirani yangu wa mlango wa pili, aliniletea samaki akaonja njahi zako, sasa anataka kujua zinapandwa wapi.

Huku hakujanyesha tangu Krismasi. Vumbi ni jingi, maji ya ziwa yanamulika mpaka unafunga macho, na zile nyumba za plastiki za maua nazo zinamulika upande wa pili. Ukisimama nje saa sita hata kivuli chako kinakukimbia. Kazini wasichana wananiulizia, supavaisa amesema nafasi yangu ipo mradi nirudi tarehe 18 Machi bila kukosa siku.

Mkebe wa mafuta pia ulifika.

Nilitaka kukuuliza, Tata, wewe ulipokuwa ukiwaanika watoto wako, kuna siku hata moja ulimwona mmoja amebadilika rangi? Ni swali tu. Na huko Elburgon jua la saa nne huwa limetoka kweli, ama linakuwa bado limefunikwa na ukungu?

Mama anasema umeacha kutumia ile fimbo ya kutembelea. Tafadhali itumie.

Nakupenda,
Joan


Elburgon,
11 Februari 2024

Joan,

Hujambo. Mimi sijambo, fimbo iko nyuma ya mlango na itakaa huko.

Nimesoma barua yako mara mbili kwa miwani na mara moja bila miwani. Umeniambia kuhusu Kiarie, Anyango, samaki, vumbi, ziwa, supavaisa na mguu wangu. Mtoto hujamtaja. Mwanamke aliyejifungua juzi anaandika ukurasa mzima hasemi mtoto amenenepa, hasemi analia usiku, hasemi anafanana na nani. Mimi si mtoto wa jana.

Halafu nikamuuliza Kinyanjui. Mwanzoni alijifanya anatafuta spana. Nikamnyima chai, akasema alipowaletea mbao zile za kitanda alimkuta mtoto amevalishwa shati la mikono mirefu na joto lote hilo, na alipotaka kumbeba ulimwambia amelala, na hakuwa amelala kwa sababu alimsikia akilia. Kinyanjui amezaliwa na roho nyepesi, aliogopa kukuuliza, akanywa maji akaondoka.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Niambie mtoto ana nini. Na kama kuna mtu amemwangalia vibaya au amemwangusha, sema, nitashughulika na huyo mtu mimi mwenyewe, masikio yamekufa lakini mdomo uko.

Naomba jibu lije na lori hili hili. Nimemwambia Kinyanjui asiwashe gari kabla hujampa.

Mugure


Kamere,
13 Februari 2024

Tata,

Shikamoo. Kinyanjui ameketi hapa nje anakula ugali wa Anyango, anangoja kama ulivyomwagiza, kwa hivyo nitaandika bila kuzunguka.

Mtoto aliungua na jua.

Nilifanya vile uliniambia, hatua kwa hatua. Nilimwosha, nikampaka mafuta ya kukamulia mpaka akang'aa, nikamlaza kwenye shuka kando ya ukuta wa mabati, saa nne, uchi. Alitulia kweli. Nikaona amelala vizuri nikasema wacha nifue nepi. Nilipomgeuza mabega yalikuwa mekundu meusi, na mapaja, na juu ya masikio. Sikujua ni nini. Nikampaka mafuta tena, Tata, nikidhani ngozi imekauka. Kufikia jioni alikuwa na homa, anakataa titi, na malengelenge yametoka kwa bega la kushoto. Anyango ndiye alinishika mkono tukaenda kliniki, mimi nilikuwa nimekaa tu kitandani.

Sista, muuguzi wa hapo, alimwangalia akaniuliza kama nimemkaanga. Sijasahau hilo neno, na sitalisahau. Baadaye alipoa akanieleza. Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba na haijapata rangi yake yote, hata kama baba na mama ni weusi tititi. Mafuta yanazidisha. Mabati yanarudisha jua mara ya pili, kwa hivyo hata ukimweka kwenye kivuli kando ya mabati au kando ya ziwa bado linamfikia. Akasema mpaka afike miezi sita asikae juani moja kwa moja hata kidogo, avae nguo nyepesi za kufunika mikono na miguu, kofia yenye ukingo, na zile dawa za kujipaka za jua asipakwe bado. Na nisimfunge kwa blanketi nzito nikidhani namkinga, atapikika humo ndani. Kuhusu mifupa alinipa matone ya kumdondoshea mdomoni kila siku. Kwa hivyo hilo la miguu ya upinde lina dawa yake.

Sasa amepona. Bega limebaki na alama. Ananyonya na ameanza kucheka.

Sikukuandikia kwa sababu nilijua utaumia, na pia kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe, na sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira. Bado ninayo kidogo. Uliniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu, na guu likavunjika vile vile, na halikuwa guu langu.

Wewe unapanda miche ya miti kila mwaka. Mche ukichipuka unautengenezea dari ya matawi, na ukimkuta mtu ameuacha juani unamgombeza siku nzima. Kwa nini mti upate kivuli na mtoto akose?

Nakuomba uje Machi, nakuhitaji. Lakini kwanza niandikie kwa mkono wako kwamba hutamwanika Gathoni. Sitaki uniambie utajaribu. Niandikie kwamba hutamwanika. Bila hiyo barua siwezi kukuachia mtoto, Tata, na nimekuambia hivyo kwa heshima yote niliyo nayo.

Joan


Elburgon,
20 Februari 2024

Joan,

Nimefurahi mtoto amepona. Mungu ni mwema.

Mtoto si mche. Mche nikiupoteza napanda mwingine.

Nimelea watoto kabla hujazaliwa, na wewe mwenyewe nilikuanika hapa kwangu mama yako alipokuwa hospitali, na uko hai unaniandikia masharti. Mtu mweusi kuungua na jua sijawahi kusikia, hilo ni jambo la wazungu. Labda mafuta yalikuwa mabaya. Labda ulimsahau nje ukipiga domo na huyo Anyango. Sijui, sikuwepo.

Barua ya kuahidi sitaandika. Mimi sijawahi kuandikishwa kama kibarua. Mtafutie mtoto mtu mwingine unayemwamini.

Msalimie Kiarie.

Mugure


Kamere,
5 Machi 2024

Tata yangu,

Ni mimi tena, na hujambo, na hata kama hutaki salamu zangu nimezituma. Gathoni ana afya. Ana mashavu mawili na kidevu cha ziada. Anafanana na mama mkwe, jina alilorithi kwake limemfaa. Sasa nimemtaja, usiseme sikumtaja.

Sikupiga domo siku ile. Nilikuwa nafua nepi hatua chache kutoka kwake. Hilo naomba tuliweke kando kwa sababu likikaa kati yetu litaoza.

Nimeenda kuona pale wanapoachia watoto wanawake wa shifti yetu. Ni ua uliozungushwa mabati pande zote, sakafu ya simiti, kivuli ni cha mlango tu, na watoto wadogo wamepangwa hapo kama mahindi. Mama anayewatunza si mtu mbaya, ni mmoja na watoto ni wengi. Nilimwuliza kwa nini haweki hata turubai, akasema mvua ikija ataweka. Nikamwambia mvua ni maji tu. Aliniangalia kama mtu aliyekosa adabu. Siku iliyofuata tulirudi mimi na Anyango na wanawake wengine wanne, tukiwa na neti nyeusi ya kivuli ambayo kampuni ilikuwa imetupa, tuliiomba kwa supavaisa. Kiarie alichimbia nguzo. Sasa nusu ya ua ina dari, na tumemwomba mama huyo atundike magunia kwenye mabati ili yasimulike. Akakubali, ingawa bado hanisalimii. Nusu nyingine tutaifunika nikipata neti nyingine, na nitaipata.

Lakini pale simwachi Gathoni. Nimemwambia Kiarie kama hutakuja, tarehe 18 sitaenda kazini, na nafasi yangu ipewe mwingine. Ameguna, kodi ya nyumba anaijua, lakini hakunikataza.

Sitaki mtu mwingine unayesema nitafute. Nakutaka wewe. Wewe ndiye uliamka nami usiku nilipokuwa na surua, mama amenisimulia. Nilipomuuliza mama kwa nini umeshikilia jua hivi kama dini, alichagua viazi vilivyooza akaviweka kando, halafu akasema, "Hilo muulize mwenyewe, mimi si la kwangu kusema." Kwa hivyo nakuuliza. Kuna nini, Tata? Hata ukiniambia, sharti langu halitabadilika, nakuambia mapema ili usidhani nakutega. Lakini nataka kujua.

Mtoto wako,
Joan


Elburgon,
14 Machi 2024

Joan mwanangu,

Nimechelewa. Lori lilikuja likaenda bila barua, Kinyanjui akaniuliza mara mbili nikamwambia kalamu imekauka. Haikuwa imekauka. Kwa hiyo anza kwa kusamehe hilo. Huku mvua imeanza kunukia, viazi tumefukia, mama yako yu mzima.

Jumapili baada ya ibada tulienda na akina mama wa kanisa kumwona mtoto wa Micah, yule wa mashine ya mbao. Mkewe amejifungua mvulana. Tulibeba uji, unga na kuni kama desturi. Tulipoingia kwenye boma nikamwona mtoto amelazwa nje juu ya gunia, saa sita, wingu hakuna hata la dawa. Amepakwa mafuta anang'aa. Wenzangu wakafurahi, mmoja akasema, "Mugure, angalia, wanafuata kitabu chako."

Nikainama nikamshika. Mgongo wake ulikuwa moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Miaka yote nimeusikia huo moto mkononi nikisema ni afya. Nikamfunga kwa leso yangu nikamwingiza ndani. Mama Chepchirchir wa kanisani akanifuata mlangoni akaniuliza nimepatwa na nini, si ni mimi nilimfundisha kila mwanamke pale kuanika mtoto. Nikamwambia ndiyo ni mimi, na sasa ni mimi nimemtoa, na anayetaka kumrudisha nje apite hapa nilipo. Hawakupita. Uji ulinyweka, na wengine wamekwenda kusema nimezeeka vibaya. Waseme.

Umeniuliza kuna nini. Hakuna mtu ameniuliza tangu yalipotokea, ndiyo maana sijui pa kuanzia.

Tulipopewa shamba hapa kando ya msitu tulikaa kwenye nyumba ya mabanzi ya mbao, yenye nafasi unazopitisha kidole. Nilijifungua Juni. Julai yote jua halikutoka. Mvua, ukungu, mvua. Mtoto akaanza kukohoa, kifua kikawa kinaingia ndani akipumua, na barabara ilikuwa tope, lori la mbao lilikuwa limezama na hakuna gari lingine. Alifia mgongoni kwangu nikitembea kwenda Molo. Nilitembea mbali kidogo kabla sijajua. Wanawake waliomzika pamoja nami wakaniambia hakupata jua, angepata jua angepona. Sikuwa na kingine cha kushika, nikashika hilo. Waliofuata niliwaanika wote, na wote wakaishi, kwa hivyo ungeniambiaje?

Alikuwa mvulana, wa kwanza, kwa hivyo alipewa jina la baba mkwe, Kinyanjui. Na unajua desturi yetu, mtoto akifa, jina linarudi kwa anayemfuata. Huyu mwenye lori ni Kinyanjui wa pili. Yeye hajui. Watu wakasema umempata tena, mshukuru Mungu, wakaacha kumtaja yule, na sikuwa na jina la kumlilia kwa sababu jina lilikuwa limeshachukuliwa. Nikimwita huyu aje ale, naita wawili, na mmoja ndiye huja. Uliponiandikia kwamba jua linaunguza mtoto, nilisikia kama unaniambia hata lile dogo nililokuwa nimeshika si kitu. Ndiyo maana nikakutukana. Si wewe niliyekuwa nakutukana, wala si Anyango wa watu, mwombe radhi kwa niaba yangu, nitamletea njahi za kupanda.

Sasa barua yako ya ahadi ni hii. Mimi Mugure sitamwanika Gathoni. Hatalala kando ya mabati, hatapakwa mafuta akatolewa nje, hatakaa juani mpaka huyo sista wako aseme. Hayo matone nitamdondoshea mimi mwenyewe. Lakini na wewe usikie langu. Alfajiri upepo wa ziwa ukiingia, nitamfunika kifua, na hapo hutanifundisha, wewe wala sista. Baridi naijua.

Wangu alikosa jua. Wako lilimzidi. Kazi ni ile ile, mtoto aishi.

Kinyanjui nitamweleza mwenyewe njiani, tukishapita Nakuru, barabara ikiwa imenyooka ili asituangushe. Ni mtu mzima, ana haki ya kujua kwamba ana kaka.

Barua hii inatangulia na dereva mwenzake Kinyanjui, mimi nakuja Jumamosi. Tutafika mchana, karibu saa nane. Mwambie Kiarie aje kunipokea stejini, nina mizigo na mguu ni huu mnaoujua. Wewe baki nyumbani na mtoto, msije naye, saa hizo jua la huko litakuwa kali.

Tata yako,
Mugure